Sitini Imekufa Hapa, Sasa Twende Tukapande Ng'ambo

Mwenzenu nilikuwa sijakaa hata vizuri kwenye benchi, tako moja ndani tako moja nje, habari ikaingia kwenye simu. Nikaruka. Kahawa ya Wembe ikamwagikia suruali yake, lakini jamani, habari ilikuwa kubwa kuliko suruali.

"Sikilizeni! Sikilizeni! Imetoka gazetini sasa hivi: 'Vijana wa kujitolea wa mtaani kwetu kupaa kwenda ng'ambo, kupanda miti elfu kumi, kuokoa dunia.' Na picha ipo! Huyu wa katikati, kashika mche kama kashika kombe, mnamjua?"

"Kama si wa kunifulia hii suruali, sitaki kumjua," akasema Wembe. Wembe ni kinyozi, na kijiwe chetu kipo ukutani mwa saluni yake.

"Balozi!"

Soli, fundi viatu, akatoa msumari mdomoni ili acheke vizuri. "Balozi yupi? Huyu huyu anayepiga mswaki bomba limefunguliwa mpaka mwisho?"

"Huyo huyo!"

"Basi dunia imekwisha."

Jina la Balozi alijipa mwenyewe. Balozi wa Mazingira. Mwaka jana alikwenda semina ya wiki moja, akarudi na fulana ya kijani, na tangu siku hiyo hajaivua wala hajamsalimia mtu bila kutaja hewa ya ukaa. Ni kitinda mimba wa Mama Buli, mwenye kahawa yetu. Mama Buli mwenyewe alikuwa pale pale akiosha vikombe. Vikombe vilikuwa vinagongana kuliko kawaida.

"Ngoja nielewe," Wembe akasema, anajifuta suruali kwa taulo la wateja. "Elfu kumi ng'ambo. Na ile sitini ya hapa?"

Wote tukageuza shingo.

Kutoka kwenye benchi letu mpaka geti la zahanati, pande zote mbili za barabara, kuna vijiti sitini. Vikavu. Ukikigusa kinakatika. Mwaka jana, siku ya kupanda, palikuwa na hema, spika, viti vya kukodi na Mgeni Rasmi, na kila aliyepanda mche aliwekewa kibao cha bati chenye jina lake. Miche imekufa yote. Vibao vipo vyote.

"Hapa kilichoota ni bati," Wembe akasema.

"Na limeshika mizizi kweli kweli!" Soli akadakia. "Juzi nilitaka kung'oa kimoja nikazibie paa. Kiligoma. Nilivuta mpaka mgongo ukalia."

"Ndugu wajumbe," akaanza Muhtasari, akifunga kifungo cha koti, "kabla hatujafika mbali, suala hili lina vipengele saba. Cha kwanza..."

"Muhtasari!" tukampigia kelele wote.

Huyu ni karani mstaafu. Tunamwita Muhtasari kwa sababu hajawahi kutoa hata mmoja. Ukimuuliza saa, anaanza na historia ya saa. Na koti halivui hata jua liwe linachoma lami.

"Mimi nauliza kitu kidogo tu," Soli akasema, sasa kasimama kabisa, kiatu cha mtu kimo mkononi. "Daktari akiua wagonjwa sitini kwenye zahanati ya hapa, anapelekwa hospitali kubwa akaue elfu kumi?"

"Na anapelekwa kwa ndege!" nikasema mimi. "Ndege inafuka moshi njia nzima, akifika anapanda mti wa kunywa ule moshi, akipanda ndege kurudi anaumwagia mwingine!"

"Kwani huko ng'ambo hawana mikono?" Wembe akauliza. "Hawana jembe? Hawawezi kuchimba shimo mpaka atoke mtu huku?"

"Shimo wanaliweza," Soli akajibu. "Wanachokosa ni mtu wa kusimama pembeni ya shimo akitabasamu."

"Hapo Balozi ana kipaji. Meno yote nje."

"Mche ule pale si alipigwa nao picha arobaini? Maji je, aliumwagia mara ngapi?" Wembe akauliza.

"Siku ile ile. Chupa ya maji ya kunywa, nusu. Nusu nyingine akanywa."

Tukacheka mpaka benchi likalia. Halafu Wembe, bila kuulizwa na mtu, akajikuna kichwa. "Ila jamani, na mimi... huu mche wa hapa mbele ya saluni nilikuwa naumwagia maji ya rangi ya nywele. Labda ndio maana."

"Mimi nilining'iniza viatu kwenye huu wa kwangu," Soli akakiri. "Buti mbili za mgambo. Ulipinda siku hiyo hiyo."

"Na wewe, Mzee Muhtasari?"

"Mimi sikuugusa mche wowote kwa ubaya. Nilitia sahihi kitabu cha wageni."

Hapo ndipo Mama Buli alipotua kikombe. Hakukitua, alikibamiza. "Mkimaliza kumla mwanangu," akasema, "niachieni mifupa nizike."

Mama Buli akajifuta mikono kwenye kanga.

"Leo saa kumi hao wa ng'ambo wanapiga simu ya video. Wanataka kuiona miti aliyopanda. Wakiiona hai, tiketi inatoka leo leo. Wasipoiona, nafasi inakwenda mtaa mwingine. Na gazeti limeshatangaza! Na mimi nimeshasema kila mahali. Msibani nimesema. Zahanati kwenye foleni nimesema. Mwanangu yule hajawahi kufaulu mtihani hata mmoja tangu nimzae. Wa leseni ya gari kaanguka mara tatu, ya tatu hata gari halikuwaka. Huu wa leo atafaulu. Mmenisikia?"

"Tumesikia, Mama Buli," Wembe akasema kwa sauti ndogo. "Lakini, dada yangu, miti hai itatoka wapi? Sasa hivi ni saa tisa na nusu."

Jibu likaja linakimbia. Balozi, fulana ya kijani imelowa jasho, kabeba mzigo wa matawi mabichi mpaka haonekani uso.

"Shikamooni!"

"Marahaba. Hayo umeyatoa wapi?" Soli akamuuliza.

"Kwenye ua wa zahanati. Nimepunguza tu."

Soli akakaa chini taratibu kama mtu aliyepigwa na habari ya kifo. "Amekata miti. Ili aonyeshe kwamba amepanda miti."

"Ni matawi, Mjomba Soli! Mti wenyewe upo!"

"Mungu wangu. Na hawa ndio wanaokwenda kuiokoa dunia!"

"Bando," Balozi akanigeukia mimi, "niazime simu yako, ndugu yangu. Ya kwangu kamera imepasuka, kila kitu inaonyesha viwili viwili."

"Si utumie hiyo hiyo?" Wembe akamwambia. "Sitini itahesabika mia na ishirini. Unapewa na medali."

Tukaanza kuyachomeka matawi. Yaani ardhi ya pale imekauka, unachomeka tawi linalala. Unalisimamisha, linalala tena kama mlevi. Saa kumi kasoro dakika kumi. Balozi akaliokota moja lililolala, akalisimamisha kwa mkono.

"Itabidi yashikwe," akasema.

"Yashikwe na nani?"

Akatutazama. Sisi tukatazama zahanati.

"Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu," Soli akasema. "Siwezi kuwa mti."

"Na mimi goti langu lina barua ya daktari," Muhtasari akasema.

Mama Buli hakubishana. Alilifunika buli, akalikumbatia kifuani, akasema, "Asiyeinama leo, hanywi kahawa hapa mpaka siku ananizika."

Ungewaona! Wembe kaenda kuchuchumaa nyuma ya kibao cha kwanza, tawi juu ya kichwa. Soli wa pili, anatukana kimoyomoyo lakini midomo inaonekana. Muhtasari wa tatu, koti lote vumbini, kashika tawi kwa mikono miwili kama mshumaa. Matawi mengine tukayafunga kwenye vijiti vikavu kwa nyuzi za viatu. Mimi nikawa mpiga picha. Mama Buli akasimama nyuma yangu. Nilikuwa nasikia pumzi zake sikioni.

Simu ikaita. Akatokea dada mmoja, miwani mikubwa, nyuma yake rafu ya vitabu. Mratibu wa mradi. Na Kiswahili chake, jamani, kimepigwa pasi!

"Hamjambo, ndugu zangu wapendwa?"

"Hatujambo, Madamu!" Balozi akapiga saluti. Sijui saluti ya nini.

"Nimefurahi kukuona katika mazingira ya asili. Naomba unionyeshe mimea."

Nikazungusha simu taratibu, kwa mbali, kwa mbali sana. Kwa kweli ilipendeza. Kama huijui, ungesema msitu mdogo.

"Inapendeza mno," akasema. "Ule wa pili unatikisika sana."

"Ni upepo, Madamu."

Ule wa pili ukapiga chafya.

"Upepo wenye vumbi, Madamu."

"Ninaelewa. Vizuri sana. Sasa, kabla sijaidhinisha, naomba uchimbe mche mmoja. Tungependa kuona afya ya mizizi."

Nilihisi vidole vya Mama Buli vikiingia begani kwangu. Balozi akatazama matawi. Tawi la kufunga na uzi wa kiatu, mizizi yake iko ua wa zahanati! Akawaza, akawaza, halafu akafanya kitu pekee cha akili siku ile: akaenda kwenye kijiti kikavu cha kweli, kile kilichozungushiwa wavu wa chuma na chenye kibao kikubwa kuliko vyote. Mche wa Mgeni Rasmi. Nadhani alijiambia, huu angalau mizizi itakuwepo, hata kama ni marehemu.

"Huu, Madamu, kwa sasa umepumzika majani," akasema.

Mama Buli akachomoa jembe chini ya benchi, akamtupia. Balozi akachimba. Pigo la kwanza, vumbi. La pili, la tatu. Akaingiza mkono shimoni, akavuta.

Kikatoka kimfuko cheusi cha plastiki. Kile kile ambacho mche unakuja nacho kutoka kitaluni. Kizima. Hakijachanika hata kidogo, na karatasi ya kitalu bado imebandikwa. Ndani yake udongo umekuwa tofali, na kule chini unaona vizizi vimejizungusha, vimejizungusha, kama mtu aliyefungiwa chumbani anatafuta mlango gizani.

Nikaisogeza simu karibu nione vizuri.

Soli akasahau kwamba yeye ni mti. Akasimama na tawi lake. "Mliupanda na mfuko?"

"Mjomba, inama, tuko hewani..."

"Nakuuliza, mliupanda na mfuko?"

Wembe naye katupa tawi, kaanza kufukua wake kwa mikono, vumbi linaruka kama kuku anapekua. Akavuta. Mfuko! "Na huu! Jamani, na huu! Kumbe siyo rangi yangu ya nywele! Mwaka mzima nalala na dhambi isiyo yangu!"

"Kumbe siyo buti zangu!" Soli akalia.

"Yote?" Mama Buli akauliza. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Sitini yote?"

Balozi akapiga magoti pale pale kando ya shimo. "Mama, sisi tulifundishwa. Wiki nzima semina ni hiyo hiyo: chana mfuko, toa mfuko, ndio upande. Ningekwambia hata usingizini. Lakini siku ile akaanza Mgeni Rasmi. Akauchukua mche na mfuko wake, tumbukiza. Watu makofi, vigelegele! Mimi ndio nilikuwa wa pili. Ningeuchana wa kwangu pale pale mbele yake, si ningekuwa nawaonyesha watu kwamba yeye kakosea?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikatumbukiza na mimi."

"Na wa tatu?"

"Alinitazama mimi."

"Mpaka wa sitini?"

"Mpaka wa sitini, Mama."

"Na aliyeshika maiki siku hiyo nani?" Soli akauliza. "Mshereheshaji nani? Si alikuwa kasimama pale pale, anaona kila shimo?"

Tukageuka wote kuutazama mti wa tatu. Ulikuwa bado umechuchumaa, tawi limeshikwa vizuri tu.

"Niliona," mti ukasema.

"Ukanyamaza!"

"Ndugu wajumbe, kiongozi hasahihishwi akiwa ameinama. Itifaki haipo namna hiyo. Mtu anapigiwa makofi kwanza, kisha anaandikiwa barua."

"Uliandika?"

"Rasimu ipo."

Wembe akamrushia konzi ya udongo. Na tungemrushia wote, ila tukasikia mtu anakohoa ndani ya simu. Yule dada! Tulimsahau kabisa. Kumbe kasikia kila kitu, na miti yake kaiona inatembea na kugombana.

"Samahani kuwaingilia," akasema. Alivua miwani, akaifuta. "Balozi, sitakuficha. Hata huku kwetu lilitokea jambo kama hilo. Mwaka jana. Mgeni rasmi wetu alianza na mfuko, na wote wakafuata. Miche elfu kumi. Ndiyo maana tunahitaji watu wa kuja kupanda upya."

Soli akaniangalia. Mimi nikamwangalia Wembe. Yaani na wao?

"Hivyo sijakatishwa tamaa," dada akaendelea. "Lakini nina swali moja la mwisho, na nafasi yako inategemea jibu hili. Mwaka huu mgeni rasmi ni yule yule. Akiinama tena na mche ulio ndani ya mfuko, mbele ya kamera na waalikwa, wewe utafanya nini?"

Balozi kapiga magoti, uso wote vumbi, ule mfuko mweusi uko mkononi. Nyuma yangu Mama Buli akaanza kumpa ishara mwanawe. Viganja viwili vinakutana, vinaachana, bila sauti. Makofi. Sema utapiga makofi, mwanangu. Anampigia makofi ya kimya, macho yamemtoka, kama mtu anayemfundisha mtoto kuogelea kutoka ufukweni.

Balozi akamwona. Ninaapa alimwona. Akautazama mfuko, akavigusa vile vizizi vilivyojisokota.

"Nitamwambia autoe," akasema.

"Mbele ya watu?" dada akauliza.

"Mbele ya watu. Akikataa, namnyang'anya nauchana mwenyewe."

Jamani! Mimi simu karibu inidondoke. Wembe akapiga mluzi. Soli akasema, "Huyu sasa ndiye mtu!" na ni mara ya kwanza namsikia akimsifu binadamu yeyote.

Dada kule kwenye simu akatabasamu tabasamu zuri sana.

"Ni jibu la ujasiri. Nakushukuru kutoka moyoni. Kwa bahati mbaya, msimu huu tunatafuta vijana wenye uzoefu wa kushirikiana na viongozi. Tutawasiliana wakati mwingine."

"Madamu!" Yule mwenye goti lenye barua ya daktari aliruka juu kama chura. "Samahani, Madamu! Mgeni rasmi akipanda na mfuko, kwanza anapigiwa makofi. Pili, anashukuriwa kwa niaba ya jamii. Tatu, inaundwa kamati ya kuchunguza udongo."

"Udongo?" dada akauliza, kashika kalamu.

"Udongo, Madamu. Ndio hauna cheo."

"Samahani, wewe ni nani?"

"Karani. Nina miaka thelathini na minne ya makofi."

"Na umri wako?"

"Hilo ni suala la kiutawala, Madamu. Tunaweza kulirekebisha."

"Tafadhali nitumie pasi yako ya kusafiria."

Simu ikakatika. Sikuikata mimi, bando lilikwisha.

"Haiwezekani," Soli akasema. "Haiwezekani! Mzee wa kuchuchumaa dakika tano analia, anakwenda kuchimba mashimo elfu kumi?"

"Sichimbi," Muhtasari akasema, anajikung'uta koti. "Nashauri." Halafu akakohoa, akafunga kifungo cha juu, akaangalia matawi. "Ndugu wajumbe, kwa heshima kubwa niliyopewa jioni hii, naomba niseme maneno machache..."

Hiyo ndiyo iliyotutawanya. Wembe akakumbuka kuna mteja kamwacha kitini, kichwa nusu kimenyolewa nusu msitu. Soli akabeba sanduku lake la misumari akaondoka bila hata kuaga. Mimi nilikuwa nimeshafika kona, lakini mnanijua, nikageuka nione.

Balozi alishahamia kwenye kijiti kingine, anafukua kwa jembe, anavuta mfuko, anauchana kwa hasira, anausukuma pembeni, anahamia kingine. Miti yenyewe imekufa zamani, sijui alikuwa anaichania ya nini. Mama Buli kasimama juu yake, buli bado kalikumbatia.

"Wewe mtoto," akasema, "tangu uanze kuongea unanidanganya. Shule umenidanganya. Leseni umenidanganya. Jana tu umenidanganya kwamba umekula. Miaka yote hiyo, uongo wote ule, mimi mama yako ndio naumezeshwa! Leo siku moja, swali moja, unakwenda kumwambia ukweli mtu mwenye tiketi!"

Balozi akauchana mfuko mwingine. Mama Buli akasonya, sonyo refu mpaka nikalisikia kule konani. Halafu akaliweka buli chini, akamsukuma kwa goti, akalishika jembe.

"Sogea. Hujui hata kushika jembe. Na ushikaji huu wa jembe, ndio ungekwenda nao ng'ambo kunitia aibu?"